Picha za Kupigana: Ipi Nzuri, Ipi Bure?

Wazazi wengi husema kwamba picha za Kichina za kupigana ni habari moja tu. Mtu mbaya amwua baba wa kijana, kijana ajifunza kupigana, kisha kijana amwua mtu mbaya. Basi, wasema, kwa nini kulipa fedha tena ili kutazama habari ileile?

Mimi pia nilisema hivyo zamani. Lakini waulizeni vijana wenyewe wanapotoka katika nyumba ya video. Hawatawaambia kwamba picha zote ni sawa. Kwa picha moja watatoka macho yakiwaka, wakibishana njia nzima, na mdogo wao akijaribu teke mpaka aanguke. Kwa picha nyingine watatoka wakipiga miayo, hata kama humo ndani wamekufa watu arobaini. Tena wengi wao hawajui neno hata moja la Kichina. Hawakusikia maneno, waliona miili tu. Waliona nini katika picha ya kwanza ambacho hawakukiona katika ile ya pili?

Nitasema habari ya picha moja ninayoijua vema. Jina lake ni The 36th Chamber of Shaolin, maana yake Chumba cha 36 cha Shaolin. Ilitengenezwa Hong Kong mwaka 1978, katika kampuni ya Shaw Brothers. Aliyeiongoza ni Lau Kar-leung, na mchezaji mkubwa ni Gordon Liu, aliyelelewa katika jamaa hiyohiyo ya kina Lau. Jamaa hiyo haikujifunza kupigana kwa ajili ya sinema. Baba yake Lau Kar-leung alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, mwalimu mashuhuri wa Kanton. Kwa hiyo mwongozi huyu alipoonyesha namna mtu anavyofundishwa, alikuwa akionyesha kazi ya ukoo wake.

Habari yenyewe ni nyepesi. Kijana mmoja, mwanafunzi wa shule, anaishi katika nchi iliyotawaliwa kwa nguvu na Wamanchu. Shule yake yavunjwa, jamaa yake wauawa, naye akimbilia monasteri ya Shaolin, ya watawa wa dini ya Buddha. Huko apewa jina San Te. Katika monasteri mna vyumba 35 vya mafundisho. Kwa kiburi cha ujana ataka kuanza na chumba cha juu kabisa. Wamruhusu aingie. Akuta wazee wakisali tu, wala hawezi kukaa mbele yao hata kidogo, atupwa nje. Basi ni lazima aanze chini.

Na chini ni nini? Ni kwenda kula. Kabla ya kufika penye chakula kuna maji, na juu ya maji vipande vya miti vinavyoelea. Anayejua kuwa mwepesi apita. Asiyejua aanguka majini. San Te aanguka mara nyingi sana. Kisha chumba kingine: kubeba ndoo mbili za maji, mikono imenyoshwa, na visu vimefungwa mikononi karibu na mbavu. Mikono ikichoka na kushuka, visu vyachoma. Kisha kugonga kengele kwa nyundo yenye mpini mrefu, kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Kisha macho, kisha kichwa chenyewe, kwa kupiga magunia ya mchanga yaliyotundikwa. Karibu saa nzima tunatazama mafundisho haya, wala hakuna adui, hakuna vita. Aliyepata kuwa novisi, au hata fundi mdogo chini ya seremala mkali, atacheka na kusikitika pamoja.

Sasa nisimulie jambo lililonifumbua macho. Mara ya kwanza nilipoitazama picha hii, mwenye nyumba ya video alikuwa na haraka, maana mashine yake ya umeme ilikuwa karibu kwisha mafuta. Akapeleka mbele sehemu yote ya monasteri, ili tufike upesi penye kupigana. Tukafika. San Te alirusha mikono, akawapiga watu, watu wakaanguka. Hakuna aliyejali. Nyuma yangu walikuwa wakiongea habari ya bei ya muhogo. Miezi baadaye niliitazama nzima, kwa rafiki. Vita ni vilevile, ngumi ni zilezile, lakini safari hii kila alipogeuza kifundo cha mkono niliona kengele, na kila alipoinua mikono niliona ndoo. Nilijua bei ya kila pigo, kwa maana nilikuwapo alipokuwa akiilipa.

Jambo hilo hasa ndilo wasilolijua wengi wanaotengeneza picha. Wadhani kwamba mtazamaji anataka mapigo mengi. Kumbe mapigo mia moja ya mtu tusiyemjua ni kelele tu, kama mvua juu ya mabati. Mtazamaji ataka kuusoma mwili, na kusoma kwahitaji kwanza kufundishwa herufi. Lau Kar-leung anatufundisha sisi pamoja na San Te. Tunapofika mwisho, sisi nasi tumepita vyumbani.

Lakini herufi hazitoshi kama kitabu kimefumbwa. Ni lazima mwili uonekane. Katika picha nzuri za Hong Kong mpiga picha husimama mbali kidogo, ili tuone watu wawili kutoka kichwani mpaka miguuni, na aiacha picha iendelee mpaka pigo litoke, lifike, na lijibiwe. Aweza kufanya hivyo kwa sababu wachezaji wake wanajua kweli kupigana. Mchezaji asipojua, mwongozi huficha udhaifu wake kwa mkasi: mkono hapa, uso pale, mguu, ukuta, uso tena. Katika Taken 3, picha ya mwaka 2014, mzee Liam Neeson aruka uzio. Ni sekunde chache tu, lakini picha imekatwa zaidi ya mara kumi. Ukimaliza kutazama hujui kama mtu ameruka au uzio ndio umeruka. Simlaumu mzee kwa miaka yake. Namlaumu mwenye mkasi, aliyedhani kwamba mbio za picha zaweza kuwa badala ya mbio za mtu.

Je, Lau Kar-leung hana kosa? Analo. San Te akisha kutoka monasterini, picha yaanza kukimbia kana kwamba nayo imeishiwa mafuta. Akusanya wanafunzi mmoja mmoja kwa visa vifupi, na yule jemadari mbaya, anayechezwa na Lo Lieh, anamalizwa bila sisi kuogopa sana. San Te amekuwa hodari mno. Hakuna tena kitu anachoweza kupoteza. Vita bora ya picha hii si hiyo ya mwisho, bali ni ile ya ndani ya monasteri, ambapo mtawa mkubwa mwenye panga mbili fupi anampima, na San Te ashindwa, arudi, ashindwa tena, mpaka avumbue silaha mpya ya fimbo ya vipande vitatu. Huyo anayempiga si adui yake. Hata hivyo twashika roho, kwa sababu aweza kushindwa.

Katika jambo hili Bruce Lee alimpita. Mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliongoza mwenyewe The Way of the Dragon, habari ya kijana wa Hong Kong anayekwenda Roma kuwasaidia ndugu zake wenye hoteli ya chakula. Mengi ndani yake ni mchezo wa kuchekesha, na baadhi yake si ya kuchekesha sana. Lakini mwishoni apambana na Mmarekani Chuck Norris, aliyekuwa kweli bingwa wa karate, katika magofu ya Koloseo. Kabla ya kuanza, wote wawili wajinyosha viungo polepole, kila mmoja peke yake, kama mafundi wanaopanga vyombo vyao. Paka mdogo awatazama. Hakuna maneno. Mara ya kwanza Lee apigwa, apigwa kweli, aanguka chini. Kisha abadilisha namna yake: aanza kurukaruka kwa miguu myepesi, naye Norris hampati tena. Bila neno lolote twaelewa yote: huyu amefikiri, na yule hawezi kubadilika.

Norris avunjika mkono na mguu. Lee atikisa kichwa, kama kusema: «Yatosha, bwana.» Yule akataa, ajivuta tena mbele, naye afa. Lee hashangilii. Achukua nguo ya yule mtu na mkanda wake mweusi, amfunika, apiga goti kando yake.

Wenye kusema kwamba picha hizi hufundisha watoto kuua tu, wakae siku moja nyuma ya nyumba ya video wakati wa sehemu hiyo. Nilipokaa mimi, vijana waliokuwa wakipiga kelele tangu mwanzo walinyamaza wote. Kimya kilidumu kitambo. Kisha mtoto mmoja wa mbele akauliza yule paka amekwenda wapi.