Sitini au tisini? Kiswahili cha tivi kinavyowatupa wazee

JUMA lililopita nilikosana na mke wangu kwa sababu ya pakiti ya sukari. Taarifa ya habari ya saa moja jioni ilikuwa imetaja bei. Mimi nilisikia “mia moja sitini”, yeye akasikia “mia moja tisini”. Nilishika rimoti, nikaongeza sauti hadi mjukuu wetu akatoka chumbani: “Babu, mbona tivi inapiga kelele hivi?” Kelele zilikuwepo kweli. Neno ndilo halikuwepo. Asubuhi dukani nilijua kwamba mwenzangu alisikia vyema.

Hebu tuyatazame maneno hayo kiisimu. Yote mawili yana silabi tatu, na irabu ni ile ile moja: i, i, i. Kinachoyatenganisha ni mpangilio wa /s/ na /t/ tu. Hizo ni konsonanti sighuna, nyembamba, ambazo nguvu yake iko katika masafa ya juu. Umri nao unapoanza kula masikio huanzia huko huko juu. Irabu hubaki, konsonanti hutoweka. Ndiyo maana mzee husema “nasikia lakini sielewi”, nasi tukadhani ni ubishi.

Kiswahili kina mitego mingi ya aina hii: shuka na suka, faa na saa, thamani na samani. Mara nyingi upatanisho wa kisarufi hutuokoa. Anayesikia “za nyumba” atakisia kwamba zinazotajwa ni samani, si thamani. Lakini msomaji habari akivimeza viambishi hivyo vidogo, mzee ashikilie nini? Tarakimu ndizo mbaya zaidi kwa kuwa hazina hata msaada huo.

Kosa langu, nakiri, ni masikio. Lakini yapo yasiyo yangu. Tivi hizi bapa huelekeza spika nyuma au chini, si kwa mtazamaji. Halafu kuna muziki unaopigwa chini ya vichwa vya habari. Ukiongeza sauti, nao unapanda. Na wasomaji wetu wa habari, jamani, wanakimbizwa na nani? Wala tatizo si kasi peke yake. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alitangaza kandanda kwa kasi ya mpira wenyewe, na bado kila silabi ilifika nyumbani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilizitaka stesheni ziweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi katika taarifa za habari. Tatizo langu liko kwenye hiyo “au”. Stesheni nyingi zilichagua mkalimani, na viziwi walistahili kabisa. Lakini mtu aliyeanza kupoteza usikivu akiwa na miaka sitini (sitini, si tisini) hajui ishara hata moja. Anachojua ni kusoma Kiswahili. Angeandikiwa yanayosemwa, hasa tarakimu, angefuata taarifa bila kumuuliza mtu.

Nafasi ya kuandika ipo. Jioni ile tulipokuwa tukibishana, utepe wa maandishi ulikuwa ukipita chini ya skrini, herufi kubwa, zinasomeka vizuri sana. Ulikuwa na matokeo ya mechi za Uingereza.