Kijiji cha Worpswede na Ufundi wa Wanaokisimulia

Miongoni mwa kazi zote za kusimulia yaliyopita, ipo moja isiyosifiwa vya kutosha, nayo ni kazi ya kuandika au kuigiza maisha ya kijiji cha wasanii, yaani mahali padogo, aghalabu mbali na mji mkuu, ambapo wachoraji, wachongaji na washairi huhamia kwa hiari ili waishi jirani na kufanya kazi zao karibu na mashamba, misitu au bahari. Vijiji vya namna hiyo vilienea Ulaya katika karne ya 19, kuanzia Barbizon nchini Ufaransa hadi Skagen katika ncha ya kaskazini ya Denmark, na Worpswede, kilicho mwendo mfupi kutoka mji wa Bremen nchini Ujerumani. Anayeandika wasifu wa mtu mmoja anajua aanzie wapi na aishie wapi, kwa maana kuzaliwa na kufa humwekea mipaka. Anayeandika kijiji huwa na watu kumi au zaidi kwa wakati mmoja, wanaopendana, wanaooneana wivu, wanaokopeshana fedha na kuandikiana barua kila wiki, hali kazi yao kubwa, kuchora, ni kazi ya kimya ambayo haina tukio la kusimulia. Worpswede imebahatika kupata wasimulizi hodari, na uhodari wao hudhihirika zaidi pale kila mmoja alipoingilia sehemu ambayo mtangulizi wake aliiruka.

Kijiji chenyewe kimekaa kwenye kilima cha mchanga kiitwacho Weyerberg, katikati ya kinamasi kipana kinachojulikana kama Teufelsmoor. Katika karne ya 18 serikali ya Hanover ilimtuma Jürgen Christian Findorff kupima eneo hilo, kuchimba mifereji na kuwagawia ardhi watu wasio na mali, ambao walikata udongo mweusi wa kinamasi, ulioundwa na mimea iliyooza nusu, wakaukausha vipande vipande na kuusafirisha kwa mashua zenye matanga meusi hadi Bremen, ambako uliwaka majikoni badala ya kuni. Wenyeji husimulia kwamba kizazi cha kwanza kilichohamia huko kiliambulia mauti, cha pili dhiki, na ni cha tatu tu kilichopata mkate. Mchoraji kijana Fritz Mackensen alipofika kwa mara ya kwanza mwaka 1884, akiwa mgeni wa familia ya mwenye duka, alikutana na wajukuu wa watu hao, pamoja na anga kubwa, mibetula yenye magome meupe na maji yaliyotulia katika mifereji yote. Mwaka 1889 yeye, Otto Modersohn na Hans am Ende waliamua kubaki. Baadaye wakaja Fritz Overbeck na Heinrich Vogeler, na mwaka 1895 maonyesho yao katika jumba la Glaspalast mjini Munich yaliwapa sifa ya ghafla, ambapo Mackensen alipata nishani ya dhahabu kwa picha yake kubwa ya wakulima wakisali nje, uwanjani.

Msimulizi wa kwanza mwenye kipaji kikubwa alikuwa mshairi Rainer Maria Rilke, aliyewasili mwaka 1900 akiwa mgeni wa Vogeler, akamwoa mchongaji Clara Westhoff mwaka uliofuata, kisha, akiwa na shida ya fedha, akakubali kuandika kwa malipo kitabu kuhusu wachoraji wa hapo, kilichochapishwa mwaka 1903. Kitabu hicho kinastahili kusomwa hadi leo kwa sababu ya ujasiri wa mpangilio wake. Rilke hakuanza na tarehe wala na nasaba za wachoraji, bali alianza na ardhi: alitaka msomaji aelewe kwanza kwamba mandhari haimjali binadamu, na kwamba mchoraji wa mandhari ni mtu anayejifunza lugha ya kitu kisichomjibu. Hakuna mwandishi wa baadaye aliyeiandika Worpswede bila kupita katika kurasa hizo, hata pale alipokusudia kuzipinga. Na sababu za kuzipinga zipo tele, kwa kuwa kitabu kinawazungumzia wanaume watano na kumwacha kabisa mchoraji Paula Becker, mke wa Modersohn, ambaye Rilke alimfahamu vizuri, alikaa naye jioni nyingi, na mwaka 1906 alichorwa naye sura. Hakumtaja hata kwa kupitia. Jambo jingine, lisilosemwa sana, ni kwamba wakulima wa kinamasini anawaona wote kuwa na sura moja, sura iliyokazwa na kazi, kana kwamba ni sehemu ya mandhari.

Paula Modersohn-Becker alifariki Novemba 1907 akiwa na umri wa miaka 31, chini ya wiki tatu baada ya kujifungua binti, kutokana na damu iliyoganda kuziba mshipa. Aliacha picha za rangi zaidi ya 700, na katika uhai wake aliuza chache mno. Kitu cha kwanza kilichomfanya ajulikane kwa umma mpana hakikuwa picha hizo, bali barua na shajara zake, ambazo Sophie Dorothee Gallwitz alizikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1917, katikati ya vita, na kupata wasomaji wengi katika miaka iliyofuata. Hapa ndipo ufundi wa mhariri, ambao kwa kawaida haumpi mtu umaarufu, unapostahili kutazamwa kwa makini. Mhariri wa barua huamua ni barua ipi iingie, ipi ikatwe katikati, na ipi iachwe kwa kuwa watajwa wangali hai; wala si lazima abadili neno lolote ili ageuze tabia ya mwandishi wake, maana kufuatanisha tu siku za furaha na kuruka siku za ukaidi kunatosha. Msomaji wa toleo lile alikutana na msichana mwenye moyo mwepesi aliyependa maua na aliyekufa mapema, naye hakuwa wa uongo, lakini alikuwa nusu ya mtu.

Miaka 62 ilipita kabla ya nusu ya pili kuonekana kikamilifu. Mwaka 1979 Günter Busch na Liselotte von Reinken walichapisha toleo la kihakiki, yaani toleo linalorudi kwenye maandishi asilia, kurudisha sehemu zilizoondolewa, kupanga kila kipande kwa tarehe yake na kueleza kila jina linalotajwa. Kazi ya namna hii huwachosha wasomaji wanaotafuta hadithi, na ni kweli kwamba toleo hilo ni zito mkononi. Hata hivyo, ndilo lililomwonyesha Paula aliyekuwa akipiga hesabu za kodi ya chumba mjini Paris, aliyemwomba mumewe fedha huku akimwambia kuwa hataki kurudi, na aliyepima mafunzo ya Mackensen kisha akaona kuwa hayamtoshi. Aliyewahi kusoma matoleo yote mawili kwa kufuatana anajua kwamba tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa, zinaweza kumrudishia mtu heshima kuliko sura nzima ya sifa.

Waandishi wa riwaya walilichukua pengo la Rilke kwa njia tofauti. Mwaka 1905 Vogeler alikamilisha picha kubwa ambayo alikuwa ameifanyia kazi kwa miaka kadhaa, ikionyesha jioni ya kiangazi mbele ya nyumba yake, Barkenhoff: mkewe Martha amesimama langoni, wanamuziki wako upande mmoja, na upande wa pili wameketi marafiki, wakiwemo Paula, Otto Modersohn na Clara. Rilke hayumo. Klaus Modick, katika riwaya iliyotoka mwaka 2015, alishikilia kukosekana huko, akamfuata Vogeler kwa siku tatu za mwaka 1905 anaposafiri kwenda Oldenburg kupokea nishani kwa ajili ya picha hiyohiyo, akiwa amechoka na umaarufu wake, akiwa haelewani na mkewe, na akijua kwamba jioni aliyoichora haikuwahi kuwa tulivu hivyo. Uamuzi wa kubana muda katika siku tatu ni wa fundi aliyekomaa, kwa sababu unamruhusu mwandishi kurudi nyuma kwa kumbukumbu bila kudai kwamba anaandika historia nzima, na kila anachokibuni kinabaki ndani ya kichwa cha mhusika, mahali ambapo nyaraka haziwezi kufika wala kumpinga. Kama kuna dosari, ni kwamba Rilke wa Modick ni kichekesho kupita kiasi. Mtu mwenye majivuno tu asingeweza kuwasumbua marafiki zake kwa muda mrefu kiasi hicho.

Maisha ya Vogeler baada ya picha ile yangemshinda mbunifu yeyote wa hadithi. Alikwenda vitani kwa kujitolea, na Januari 1918 akamwandikia Kaisari Wilhelm wa Pili barua ya kudai amani, akawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliporejea aliigeuza Barkenhoff kuwa makazi ya watu wanaomiliki na kulima kwa pamoja, kisha nyumba hiyo ikawa makao ya watoto wa wafanyakazi. Mwaka 1931 alihamia Muungano wa Kisovieti, na baada ya jeshi la Hitler kuvamia mwaka 1941 alihamishwa kwa nguvu hadi Kazakhstan, alikofariki Juni 1942 katika hali ya ufukara. Tawasifu yake, yaani maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, ilichapishwa mjini Berlin mwaka 1952, na toleo pana zaidi likatoka mwaka 1989. Filamu ya mwongozaji Marie Noëlle, iliyotoka mwaka 2022, ilikabili maisha haya yasiyopangika kwa kuchanganya maigizo na mazungumzo ya wataalamu, mbinu ambayo mara nyingine hukata pumzi ya hadithi, ingawa kwa Vogeler inafaa, kwa kuwa yeye mwenyewe alibadili mtindo wake wa kuchora mara kadhaa.

Filamu iliyotazamwa zaidi ni ile ya Christian Schwochow ya mwaka 2016, iitwayo kwa jina la Paula, ambamo Carla Juri anamwigiza mchoraji huyo. Ugumu wa kuigiza uchoraji ni wa kiufundi kabisa: mkono unaoshika brashi mbele ya kamera huwa wa mwigizaji, picha inayokua ni nakala, na saa tatu za kuangalia na kusita haziwezi kuonyeshwa, kwa hiyo waongozaji wengi hukimbilia ugomvi wa ndoa. Schwochow naye anakimbilia huko, tena anazibana safari kadhaa za Paris hadi zionekane kama safari moja, ilhali ukweli wa Paula ulikuwa katika kwenda na kurudi, tangu mwaka 1900 hadi 1907, kila mara akileta kijijini kitu alichokiona kwa Cézanne au Gauguin na kukijaribu kwa watoto wa kinamasini. Pamoja na hayo, kamera yake inafanya jambo ambalo kalamu huliweza kwa taabu: inauonyesha ubapa wa ile nchi, ambako mtu akisimama huonekana kutoka mbali sana, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa kwa nini wachoraji wa pale waliyaweka maumbo ya watu wao mbele kabisa, makubwa, dhidi ya anga.

Upo pia upande wa historia ambao kijiji kisingependa kuusikia. Mackensen, mwanzilishi, aliishi hadi mwaka 1953, na chini ya utawala wa Wanazi aliwekwa kuongoza chuo cha sanaa cha Bremen, nazo picha za Paula, aliyekuwa mwanafunzi wake, ziliondolewa katika makumbusho mwaka 1937 kwa madai kwamba ni sanaa iliyopotoka, licha ya kuwa mjini Bremen palikuwa na jumba la makumbusho lililojengwa kwa ajili yake tangu mwaka 1927. Moritz Rinke, mzaliwa wa Worpswede, aliliingia jambo hili kwa mzaha katika riwaya yake ya mwaka 2010, ambamo kijana anarudi kuiokoa nyumba ya babu yake mchongaji inayozama taratibu, na kinamasi kinatoa sanamu ambazo ukoo ulitaka zisahaulike. Kicheko cha Rinke kinafika ambako maonyo ya wanahistoria hayakufika, pengine kwa sababu mwenyeji anapowacheka wakwao hawezi kushtakiwa kuwa ni mgeni mwenye chuki.

Hata hivyo, katika vitabu na filamu hizi zote wakata udongo wenyewe wanabaki kando, na anayetaka kuwasimulia hana budi kuanza na picha za Paula, ambaye aliwalipa wazee wa nyumba ya maskini ili wakae mbele yake na akawachora mmoja mmoja. Mmoja wao, mwanamke mzee ambaye kijiji kilimpa jina la utani la Dreebeen, yaani mwenye miguu mitatu, kwa ajili ya fimbo yake, ameketi katika picha ya mwaka 1907 katikati ya mipopi iliyochanua, mkubwa kama malkia, na sura yake haifanani na ya mkulima mwingine yeyote aliyewahi kuelezwa na Rilke. Katika barua za Paula wazee hao wanazungumza, wanalalamika na kusimulia ndoto zao, tena kwa Kijerumani cha pwani ya kaskazini ambacho yeye alijitahidi kukiandika kama alivyokisikia, nazo kurasa hizo, zilizotawanyika katika toleo la mwaka 1979, zinatosha kumpa mwandishi mwenye subira wahusika wa riwaya nyingine nzima.