Kazi Kubwa ni Kukwangua

Matatu za laini ya 58, zinazobeba watu kati ya katikati ya jiji la Nairobi na mtaa wa Buru Buru, zimejijengea jina kwa rangi. Nyuso za wanamuziki na wanasoka, herufi zinazowaka, taa za buluu hadi chini ya viti: mchoraji wa nganya, yaani matatu iliyorembwa, hulipwa ili gari lionekane kutoka mbali na lisisahaulike. Kwenye mitaa hiyo hiyo kuna fundi mwingine wa rangi anayefanya kazi kinyume kabisa. Akimaliza chumba, anayeingia hapaswi kuona rangi. Anapaswa kuona chumba. Hakuna anayempiga picha, na jina lake haliandikwi popote isipokuwa kwenye simu za watu, ambako limehifadhiwa kama Fundi Rangi, basi.

Soko la nyumba lililozubaa ndilo limemfanya fundi huyu atafutwe. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Mwezi huo huo serikali iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, isiyotozwa kodi. Mwenye milioni kadhaa mkononi aliweza kuikopesha serikali akalala usingizi, bila mpangaji wa kusumbuana naye wala paa la kuziba. Asiye nazo alitazama riba ya benki, akarudisha fomu. Hata bila msukosuko huo, Kenya ina mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu kwa watu zaidi ya milioni 50. Ndiyo maana nyumba nyingi za Eastlands, upande huu wa mashariki wa jiji, hununuliwa kwa akiba, kwa Sacco, kwa malipo ya kustaafu au kwa pesa za ndugu aliye ng'ambo. Agosti 2024 riba ilianza kushushwa, lakini mnunuzi wa aina hiyo hana pupa. Huja mara ya kwanza na mkewe, mara ya pili na fundi wake, mara ya tatu na mama yake mzazi, na kila mmoja ana macho yake.

Kimya cha soko humtia muuzaji hofu, na mwenye hofu huongeza vitu. Hupachika dari ya jipsam yenye taa zilizofichwa. Hubandika vigae vinavyoteleza juu ya sakafu ambayo haikuwa na kasoro. Hununua kwa mafundi wa Kamukunji geti jipya lenye simba wawili wa chuma. Halafu huongeza gharama zote hizo kwenye bei, akitarajia mgeni alipie ladha asiyoichagua. Fundi mzuri wa rangi, yule mwenye umri na heshima ya kumwambia mwenye nyumba "hapana, Mama, hilo tuache," huanza upande wa pili. Yeye huondoa.

Ili kuelewa kwa nini kuondoa kuna faida zaidi hapa kuliko Kileleshwa au Kilimani, mitaa ya upande wa magharibi, sharti ukumbuke jinsi Buru Buru ilivyojengwa. Mtaa huo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za shirika la maendeleo la Uingereza lililoitwa Commonwealth Development Corporation likishirikiana na baraza la jiji, na ulijengwa kwa awamu tano zilizoendelea hadi muongo uliofuata. Wasanifu walikuwa kampuni ya Mutiso Menezes, na David Mutiso mwenyewe anatajwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kusomea na kufanya kazi hiyo. Walichora kuta nyeupe, mapaa ya vigae vyekundu, na nyumba zilizopangwa kuzunguka nyua za pamoja ambamo watoto wangecheza mbali na magari. Vyumba si vikubwa. Lakini madirisha yalikuwa na kazi: sebule ilitazama bustani ndogo ya mbele, jikoni lilitazama ua wa nyuma, na hewa ilipita katikati.

Kisha familia zikakua. Bustani ya mbele ikawa duka, saluni au chumba cha kijana aliyemaliza chuo. Ua wa nyuma ukafunikwa mabati. Grili ziliongezwa, kisha grili juu ya grili, baada ya miaka ya 1990 kufundisha Nairobi kuogopa usiku. Hakuna wa kulaumiwa; ekstensheni hizo zimelipa karo za watoto wengi. Ila anayefika kununua leo huingia kwenye sebule yenye giza saa nne asubuhi, taa ikiwa imewashwa, na moyo wake hukataa kabla hajaulizia bei. Fundi hujua kwamba kubomoa kibanda cha mabati kilichoziba dirisha moja kunaweza kuleta mwanga ambao madebe kumi ya rangi nyeupe hayawezi kuleta. Huo ndio ushauri wake wa kwanza, na unampunguzia yeye mwenyewe kazi ya kulipwa. Wachache hutoa ushauri wa namna hiyo.

Siku ya kwanza haji na brashi. Huja na bisibisi, kipande cha chaki na pua. Hunusa pembe za kabati kutafuta ukungu. Hugonga plasta kwa kidole na kusikiliza palipo na uwazi. Hupapasa ukuta wa bafu kwa upande wa nje, kwa sababu bomba linalovuja hujionyesha chumbani kwanza, kama malengelenge kwenye rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta haipitishi unyevu. Maji yakiwa nyuma yake yataisukuma hata ipakwe mara ngapi. Chumvi nyeupe inayochanua chini ya ukuta humwambia kwamba maji yanapanda kutoka ardhini au yanatoka kwenye gata iliyopasuka. Zibua gata kwanza. Rangi itasubiri.

Nyufa ni somo lingine, na Eastlands ni chuo chake. Sehemu kubwa ya upande huu wa jiji, kuanzia Donholm kuelekea Embakasi na Umoja, imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi kikija. Upande wa magharibi wenye udongo mwekundu haujui adha hiyo. Msingi usiofika chini ya udongo huo hucheza, na ukuta hupasuka kimshazari kutoka kwenye kona ya dirisha. Fundi hutenganisha ufa uliokufa na ufa ulio hai kwa njia ya kale na rahisi: hubandika donge dogo la plasta juu ya ufa, huandika tarehe kwa penseli, na kusubiri wiki kadhaa. Donge likibaki zima, ufa unaweza kuchimbwa, kujazwa na kufunikwa. Likikatika, hilo si jambo la rangi tena. Aitwe mhandisi, na mnunuzi aambiwe.

Hapo ndipo heshima ya kazi hii inapopimwa. Kuna mafundi, na wako wengi, wanaokubali kupiga skimi juu ya ufa ulio hai ili nyumba ionekane nzuri kwa miezi mitatu. Wateja nao wameerevuka. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, mnunuzi mwenye akili huomba kuja kuona nyumba wakati mvua inanyesha, akisimama sebuleni na mwavuli unaochuruzika, akitazama dari.

Baada ya uchunguzi huja kukwangua, na kazi kubwa kuliko zote ni hiyo. Nyumba ya miaka 40 imebeba matabaka ya rangi za kila Krismasi: krimu, kijani cha hospitali, pichi ya miaka ya 1990, zambarau ya binti aliyekuwa kidato cha pili. Ukipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa bila kuipiga msasa, itabambuka kama ngozi ya nyoka. Fundi mwangalifu hupiga msasa kwa maji, si kwa ukavu, na huwatoa watoto nyumbani siku hiyo, kwa kuwa rangi za zamani za mafuta zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Viwango vya sasa vya Kenya haviruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa kila milioni. Ukuta uliopakwa zamani haukusubiri viwango hivyo.

Halafu fila, msasa, tabaka la kwanza la kushika ukuta, msasa tena. Mwenye nyumba aliyetarajia siku tatu huanza kulalamika siku ya sita kwamba bado haoni rangi. Mafundi hupanga kazi hii kati ya Juni na Septemba wakipata nafasi, au Januari na Februari, kuepuka masika na vuli, maana plasta yenye unyevu haina subira na mtu.

Rangi yenyewe huchaguliwa ukutani, si kwenye kadi ya dukani. Nairobi iko karibu sana na ikweta: katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita upande wa kusini. Chumba kile kile hupata mwanga tofauti kabisa kwa misimu miwili. Kwa hiyo fundi hupaka vipande vitatu vya nyeupe, yenye chembe ya njano, ya kijivu na ya kahawia, na kuvitazama asubuhi na jioni. Nyeupe tupu ya dukani hugeuka samawati chini ya taa za siku hizi, na sebule ikaonekana kama zahanati.

Katika mitaa ya Umoja, Kayole na Dandora hesabu hubadilika. Dandora ilianzishwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikagawa viwanja 6,000, vingi vikiwa na choo na bafu tu, vyumba vingine wenyewe wajenge. Umoja nayo ilijengwa kwa fedha za Marekani, nyumba ndogo zilizokusudiwa kuongezwa. Zimeongezwa kweli, hadi ghorofa tano na sita. Huko mnunuzi hanunui sebule, ananunua kodi ya kila mwezi, na anachokagua ni ngazi, mita za tokeni, mifereji na tangi, kwa kuwa mgao wa maji ulioanza Januari 2017 umewafundisha wapangaji kuuliza maji kabla ya bei. Fundi hupaka nusu ya chini ya korido rangi ya mafuta ya kahawia, kimo cha mabega ya watoto na mitungi ya gesi, na nusu ya juu krimu. Si ya kupendeza, lakini hufutika kwa kitambaa, na mwenye ploti anajua thamani ya hilo.

Marekani, tangu Barb Schwarz wa Seattle alipoanza kupamba nyumba za kuuzwa katika miaka ya 1970, kuna watu wanaokodisha sofa na michoro ili nyumba tupu ionekane ina maisha. Shida ya Eastlands ni ya upande mwingine: nyumba huuzwa familia ingali ndani, na maisha yamejaa tele. Kabati kubwa la ukutani lenye televisheni na vikombe vya harusi huwa limesimama mbele ya dirisha. Fundi na kijana wake hulisogeza ili wakwangue nyuma yake, na wakimaliza humwomba Mama walirudishe upande mwingine. Nyumba kadhaa zimepata dirisha namna hiyo, bure.

Malipo yake ni ya siku au ya chumba, ilhali dalali huchukua asilimia. Hilo haliko sawa, na kuna njia moja ndogo ambayo fundi anaweza kujipa uzito. Januari 2023 kodi ya faida anayolipa muuzaji wa nyumba asiyoishi mwenyewe ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15, na gharama za kuboresha nyumba zinaweza kutolewa kwenye faida hiyo zikiwa na ushahidi. Mafundi wachache wameanza kutembea na kitabu cha risiti mfukoni, na kuandika kila kitu kwa kalamu ya wino: gata, plasta, msasa, siku za kazi. Muuzaji aliyezoea kumlipa fundi kwa M-Pesa na kusahau sasa humtafuta mwaka mzima baadaye, akiomba nakala.