Shamba Moja, Wana Wengi

Familia za wakulima wa Quebec zina bahati ambayo wengi wetu hatuna: karatasi. Tangu karne ya 17, padri wa parokia aliandika kila ubatizo, kila ndoa, kila mazishi. Tena kwa nakala mbili, moja ya kanisa na nyingine ya mahakama. Baadaye padri mmoja, Cyprien Tanguay, akazichambua rejista hizo na kutoa kamusi ya koo yenye juzuu saba, kati ya 1871 na 1890. Mtu anaanza na babu yake, na akivumilia anafika hadi kwa yule kijana aliyeshuka melini kutoka Ufaransa. Haki ya nani, naona wivu.

Lakini rejista haisemi kwa nini mtu aliondoka. Na walioondoka si wachache: kati ya 1840 na 1930, watu wapatao 900,000 walihamia Marekani, wengi wao watoto wa mashambani walioishia kwenye viwanda vya nguo vya miji kama Lowell na Woonsocket. Huko hata majina yakageuka. Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King. Sasa mjukuu anayetafuta Greenwood kwenye vitabu vya parokia atatafuta mpaka macho yamtoke.

Hiyo "kwa nini" ndiyo anayoishughulikia Ringuet katika *Trente arpents*, riwaya ya 1938. Arpent ni kipimo cha kale cha Kifaransa cha kupimia mashamba, na Ringuet ni jina la kalamu la daktari Philippe Panneton. Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Chuo niliacha mapema, na Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu.

Euchariste Moisan ni yatima anayerithi shamba la mjomba wake. Anaoa, anapata watoto wengi, anaweka pesa kwa wakili wa kijiji. Kifungua mimba anatolewa kwa kanisa, awe padri. Mwingine, Ephrem, anakimbilia Marekani. Étienne anabaki, na kubaki kwake ndiko kunakomaliza baba. Kesi ya ardhi na jirani inamla mzee, ghala linaungua, wakili anatoroka na akiba yake. Mwishowe anaambiwa aende kumtembelea Ephrem kidogo tu. Ziara hiyo haina tiketi ya kurudi. Tunamwacha akiwa soja wa usiku kwenye gereji, katika mji ambao wajukuu zake hawawezi kuongea naye kwa lugha yake. (Ndiyo, nimekusimulia mwisho. Kitabu ni cha 1938, bana.)

Nguvu ya riwaya hii ni hesabu. Shamba ni moja, wana ni wengi, na ukiligawa kila kizazi utabaki na kipande cha kuanikia nguo. Kwa hivyo mmoja anarithi na wengine wanasukumwa nje, kwa upole, kwa baraka za padri, lakini wanasukumwa. Mahubiri ya wakati ule yaliwasifu waliobaki na kuwalaumu waliohama. Ringuet anakataa mchezo huo. Kwake, anayefukuza ni shamba lenyewe, na Étienne si mwovu. Anafanya tu alichofanyiwa kila mtu kabla yake. Ndiyo maana kurasa za gereji zinauma hivyo. Hakuna wa kumshtaki.

Mpangilio wa misimu minne, kuanzia masika hadi baridi, haukunivutia. Unamfanya mzee aonekane jani linalopukutika, ilhali ameangushwa na karani, wakili na mwanawe.

Kinachonikera zaidi ni Alphonsine, mke wake. Anapika, anazaa, anazaa tena, anakufa akizaa, na simulizi inasonga kana kwamba ng'ombe ndiye aliyekufa. Mwandishi alikuwa daktari. Vifo kama hivyo hakuhitaji kuvibuni. Bado hampi hata ukurasa mmoja wa kuwaza mambo yake mwenyewe. Cha ajabu, hapa ndipo zile rejista kavu zinamshinda. Padri wa Quebec alikuwa akimwandika mwanamke kwa jina la ukoo wa babake, aolewe asiolewe, mpaka siku ya kuzikwa. Anayefuatilia ukoo leo anaweza kupanda kwa upande wa mama, na mama wa mama, bila kukwama. Kwenye kitabu cha parokia asingekuwa mke wa Moisan tu. Angeandikwa Alphonsine Branchaud.