Ukuta wa Kupangia Viraka: Namna ya Kuutambua Uliofaa

Washonaji wa mifarishi ya viraka wakikutana, hawakawii kujisifia kuta zao za kupangia. Huyu wake unashika bila pini hata moja, yule wake umekaa tangu Ramadhani na hakijaanguka kitu. Kushika ni jambo jema, lakini anayetaka kuujua ukuta mzuri asianzie hapo. Pini zinauzwa kila duka la vifaa vya ushonaji, na kiraka kinachoteleza kinatulia kwa pini moja. Rangi mbaya iliyo nyuma ya viraka haina pini, na ukuta mfupi haurefushwi na chochote.

Kwa ambaye hajawahi kuuona: ni kitambaa chenye manyoya mafupi, kimetandazwa wima, ambapo mshonaji hubandika viraka vyake kabla ya kuvishona, akivihamisha huku na huku mpaka aridhike. Waliopitia shule ya Jumapili watakumbuka ubao wa flaneli ambapo mwalimu aliwabandika Nuhu na wanyama wake. Kanuni ni ileile: nyuzi za kitambaa zinanasana na manyoya ya ubao.

Wapo watakaosema sakafu inatosha. Mifarishi mingi mizuri duniani imetoka bila ukuta wowote wa kununua. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi huko Alabama, walishona mingine kwa suruali na mashati ya kazi yaliyochakaa, na mwaka 2002 Makumbusho ya Sanaa ya Houston yakaitundika kama picha za wachoraji. Kwa hiyo sisemi kwamba bila ukuta huwezi. Nasema kwamba sakafu inadanganya. Ukisimama mwanzo wa mfarishi uliotandazwa chini, safu za miguuni pako unaziona kwa ukubwa wake, na za mbali zimefinyana. Unadhani kule mbali rangi zimejaa mno, unapunguza, kisha siku ya kuutandika kitandani unakuta upande mmoja umepwaya. Na hapo sijamtaja mtoto anayetambaa.

Anayeshona kwa kitenge anauhitaji ukuta kuliko mwingine yeyote. Kitenge kina maua makubwa na ndege wa kujaza kifua kizima. Ukikikata miraba ya inchi nne, ndege anabaki bawa, ua linabaki kona, na kinachosalia ni rangi na mwendo wa mistari tu. Hakuna awezaye kukisia dukani kipande kile kitatoa nini. Inabidi ukibandike ukitazame.

Haya, sasa rangi. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alipewa kusimamia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Akakuta malalamiko kwamba rangi nyeusi ya kiwanda haikolei ikifumwa karibu na bluu na zambarau. Akaipima, akaona dawa haina kasoro. Tatizo lilikuwa jirani: rangi iliyowekwa ubavuni ilibadilisha jinsi jicho lilivyoiona nyeusi. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1839, na somo lake linamhusu mshonaji wa Tandika sawasawa na mfumaji wa Paris. Ukuta wako ni jirani wa kila kiraka. Ukiwa wa kijani, kama ule ubao wa matangazo wa shuleni uliovalishwa kitambaa cha manyoya, utashika viraka kwa ustadi usio na mfano, na wakati huohuo kila kahawia utaiona imeingia wekundu. Utanunua uzi na bitana kwa rangi isiyokuwepo.

Mweupe je? Ndio unaotumiwa na wengi, na haufai kulaumiwa sana, ila unafanya viraka vyote vionekane vyeusi zaidi ya vilivyo, na pale ulipoacha nafasi kati ya viraka panang'aa mpaka jicho linakimbilia huko. Mweusi unafanya kinyume: unatia kila rangi mng'ao ambao haitakuwa nao kitandani. Mimi ninapoulizwa, nasema kijivu cha wastani, kisichoelemea bluu wala kahawia. Kama kijivu hakipatikani, chukua rangi ya pamba ambayo haijapaushwa. Chenye maua, chenye miraba, chenye nembo ya timu ya mpira, kiache hata kama ni cha bure.

Tukija kwenye malighafi, ya bei nafuu kuliko zote ni ile usiyoifikiria: kitambaa cha meza cha plastiki, kile kinachouzwa kwa mita, chenye matunda au maua mbele na manyoya meupe mgongoni. Kigeuze, tumia mgongo. Lakini si kila kimoja. Dukani usitazame mbele, geuza uso wa chini na upitishe kiganja kikavu. Kizuri kinakwaruzana kidogo na ngozi, kama kinataka kukuzuia. Kibaya kinateleza, na ukikiinua kwenye mwanga unaona nyavu za ufumaji wake zikichungulia kati ya manyoya machache. Kisha kiombe kikatwe kutoka kwenye roli. Kilichokunjwa rafuni miezi mingi kina mikunjo ambayo plastiki haisahau. Ukikosa kingine, kitandaze juani mpaka kilainike kabla ya kukitundika.

Shida yake ya pili ni upana, ambao mara nyingi ni kama mita 1.4. Utahitaji kuunga vipande viwili. Asiye na jicho ataviunga kwa kupandanisha, na ule ukingo utajitokeza katikati ya kazi zake zote. Fundi anakutanisha kingo kwa kingo, halafu anabandika utepe mpana upande wa plastiki, usioonekana. Ukipewa ukuta uukague, angalia hapo kwanza. Namna ulivyoungwa itakuambia mengi kuhusu aliyeutengeneza.

Shuka la flaneli la mtumba, yale mazito ya nchi za baridi, ni bora kuliko plastiki kwa sababu halina mikunjo sugu na halihitaji kuungwa. Tatizo ni kwamba limeshafuliwa mara nyingi huko lilikotoka, na katikati, palipolaliwa, manyoya yamekwisha. Lishike kingo kisha lishike katikati, linganisha. Blanketi jepesi nalo hufaa likiwa halimwagi manyoya. Ukilisugua na kiraka cheusi kikatoka na unyoya mweupe, liache. Ile pamba bandia ya kujazia makoti inanasa kuliko vyote, ila inachanika ikibandikwa na kubanduliwa kila siku.

Jaribio la kushika lifanye hivi. Kata mraba wa kitenge ulichokwisha kukifua. Kipya kina dawa ya kukikakamaza na kitateleza hata kwenye ukuta bora, usiuhukumu kwa hicho. Kibandike kwa kiganja ukipapasa kuelekea chini mara moja. Sasa washa feni. Kikipepea ukingo na kubaki, vizuri. Halafu upige ukuta kofi kwa nyuma. Kikianguka wakati huo si neno. Vipande vilivyokwisha kuungwa vinne au tisa ni vizito na vina mishono inayoviinua, hivyo vipe pini bila kuona haya. Kuna mbinu moja isiyo na gharama: uegemeze ubao kidogo nyuma, chini ukiwa mbele kwa upana wa kiganja. Uzito wa kiraka unaegemea kwenye manyoya badala ya kuning'inia.

Juu ya nini? Boksi la friji lililofunguliwa ni jepesi na linaingia pini, lakini kwenye nyumba yenye mchwa au unyevu usiliweke mwaka mzima. Plaiwudi ni nzito na haipendi pini. Ukitundika kitambaa chenyewe tu kwenye kuta za chokaa, weka plastiki nyuma, la sivyo viraka vitavuta vumbi jeupe. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki misumari ashone pindo juu na chini, apitishe bomba la plastiki la maji kila upande, na kuutundika kwenye chuma cha pazia. Bomba la chini ndilo linalonyoosha. Likikosekana, kitambaa kinalegea katikati na mistari yako yote inaonekana imepinda.

Ukubwa ndio unaowaponza hata wazoefu. Chukua kitanda cha tano kwa sita, juu tu, bila kuhesabu yanayoning'inia pembeni. Ni inchi 60 kwa 72. Kwa miraba ya inchi 4, unahitaji 15 kwa upana na 18 kwa urefu. Lakini kila mraba, kabla ya kushonwa, una nafasi ya mshono ya robo inchi kila upande, maana yake umekatwa inchi 4 na nusu. Ukiipanga ukutani bila kupandanisha, inachukua inchi 67 na nusu kwa 81. Huo ni urefu wa futi sita na inchi tisa. Aliyepima ukuta kwa kitanda amekosa safu mbili chini na mbili pembeni, na mara nyingi ndizo safu za pindo, zinazoamua picha nzima. Wenye chumba kidogo wapange nusu, wapige picha, wapange nusu ya pili, lakini wajue wanahukumu nusu.

Kisha umbali. Ukuta ambao huwezi kurudi nyuma mita mbili au tatu kuutazama ni ghala la viraka. Chumba kikibana, simu inasaidia: kwenye kioo kidogo mfarishi wote unarudi mbali. Ibadilishe picha iwe nyeusi na nyeupe, na utaona kitu ambacho rangi za kitenge huficha kwa kelele zake: viraka vilivyo vyeusi kiasi kilekile vimerundikana kona moja. Kwa mwanga, dirisha likiwa ubavuni linatosha, mradi jua lisiupige ukuta moja kwa moja. Balbu ya manjano jioni inaua bluu zote. Ukiamua rangi usiku, thibitisha asubuhi kabla ya kushona.

Na ukianza kushona, toa safu moja moja, kila safu na pini yenye kikaratasi cha namba upande wa kushoto. Kila safu ikirudi ukutani imepungua inchi saba, na mfarishi utaonekana umeliwa upande mmoja hadi safu ya mwisho iunganishwe. Ndivyo unavyokuwa, usianze kuvuta viraka kuunyoosha.