Hongera Bugando, Tegemeo la Kanda ya Ziwa

Mchimbaji akifukiwa na kifusi Geita, au mama mjamzito akizidiwa Kahama, rufaa mara nyingi huelekea Bugando. Hospitali hii ya Kanisa Katoliki, iliyo juu ya kilima jijini Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa 1972, na mwaka 1985 ikarejeshwa kwa Baraza la Maaskofu. Tangu hapo Kanisa na Serikali wanaibeba pamoja, na matunda yanaonekana: vitanda takriban 900, chuo kikuu cha tiba kilichoanza 2003, na matibabu ya saratani kwa mionzi, yaliyowapunguzia wagonjwa wa Shinyanga safari ndefu ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Madaktari, wauguzi, masista na wahudumu wote, hongereni! Kanda ya Ziwa nzima inawashukuru.