Wanaosoma Chupa Tupu

Mkusanyaji mzoefu wa chupa za manukato za Urusi ya Kisovieti, zile za miaka ya mwanzo, huanza na kizibo. Hukizungusha taratibu shingoni mwa chupa huku akisikiliza. Kizibo cha kioo cha enzi hizo kilisagwa kwa unga mkali hadi kikashikana na shingo ya chupa yake bila kupitisha hewa, ndiyo maana hakikai sawasawa kwenye chupa nyingine hata kama zote mbili zimetoka kwenye kalibu moja. Mara nyingine fundi alichora namba ndogo chini ya kizibo na namba hiyo hiyo shingoni, visije vikapoteana kiwandani. Namba zikilingana, uso wa mkusanyaji hung'aa. Zisipolingana, anajua kuna mtu aliyeviozesha vitu viwili visivyojuana, na bei inashuka papo hapo.

Watu hawa nawahusudu kwa jambo moja: wanajua kusoma. Mbele ya chupa tupu isiyo na harufu, au kisanduku cha poda kilichobonyea pembe, mimi na wewe tungeona takataka. Wao wanaona mwaka, mji, kiwanda, hata serikali iliyokuwa madarakani.

Usomaji huo unadai kuijua historia yenyewe. Mwaka 1864 Mfaransa Henri Brocard alianzisha mjini Moscow kiwanda cha sabuni na manukato kilichokuja kuwa kati ya vikubwa kabisa katika Urusi nzima. Mwenzake, Alphonse Rallet, alikuwa amemtangulia tangu 1843. Mapinduzi ya 1917 yalipopita, viwanda vyote viwili vilitaifishwa vikabaki na namba tu. Cha Brocard kilipewa mwaka 1922 jina la Novaya Zarya, yaani Alfajiri Mpya, na cha Rallet kikaja kuitwa Svoboda, Uhuru. Ernest Beaux, mtunga manukato wa Rallet, aliondoka Urusi, na mwaka 1921 akamtungia Coco Chanel ile Chanel No. 5. (Msomaji wa pwani ajue kwamba langilangi, ua letu la vikuba, limo ndani yake.) Auguste Michel wa kiwanda cha Brocard alibaki Moscow. Inasimuliwa kwamba manukato aliyoyatunga kwa ajili ya miaka 300 ya ukoo wa Romanov mwaka 1913 ndiyo yaliyozaa Krasnaya Moskva, Moscow Nyekundu, yaliyotoka mwaka 1925.

Wenye viwanda walikimbia, lakini kalibu za chupa, mashine za kuchapia na mikono ya wafanyakazi vilibaki palepale. Kwa mkusanyaji, hapo ndipo utamu ulipo. Chukua chupa ya Severny, manukato ya kolonya. Ni kioo chenye umbo la mlima wa barafu, na juu yake amesimama dubu mweupe. Watafiti wa sanaa wanamtaja Kazimir Malevich kuwa ndiye aliyeichora kwa ajili ya Brocard mnamo 1911, miaka michache kabla ya mchoro wake wa Mraba Mweusi wa 1915. Dubu huyo hakutaifishwa akafa. Aliendelea kutoka kiwandani miongo mingi chini ya Wasovieti, juu ya barafu ileile. Ukimkuta bila lebo, utajuaje kama alizaliwa chini ya mfalme au chini ya chama?

Jibu ni karatasi. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1918, maneno ya Kirusi yaliyoishia kwa konsonanti yalifungwa na herufi Ъ isiyotamkwa. Lebo yenye herufi hiyo mwishoni mwa jina Brocard ni ya zama za kale, au angalau ilichapwa zama hizo. Kisha mkusanyaji anatazama mji: ukiandikwa Petrograd, haivuki 1924, maana kuanzia hapo ni Leningrad. Akikuta herufi za TEZHE, lile shirika la dola lililokusanya viwanda vya manukato, mafuta na sabuni, mawazo yake yanakwenda miaka ya 1920 na 1930. (Kwa muda shirika hilo liliongozwa na Polina Zhemchuzhina, mke wa Molotov yule kiongozi wa Kisovieti, baada ya kuongoza kwanza Novaya Zarya.) Akikuta jina la Kamisarieti ya Watu ya Viwanda vya Chakula, anajua kisanduku si cha kabla ya 1934, ilipoundwa, wala si cha baada ya 1946, kamisarieti zote zilipogeuzwa wizara. Bei nayo husema: mwaka 1961 rubo 10 za zamani ziligeuka rubo 1 mpya, na kila bei iliyochapwa ikabadilika. Hivyo kitu kisichoandikwa tarehe popote kinabanwa kutoka pande nne hadi kinabakiwa na miaka michache tu ya kujifichia.

Nikiambiwa nichague kimoja, ningechagua kisanduku cha Krasny Mak, Mpopi Mwekundu. Mwaka 1927 ukumbi wa Bolshoi ulionyesha baleti yenye jina hilo, muziki wake ukiwa wa Reinhold Glière, na kisa chake kinatokea katika bandari ya China. Manukato yakachukua jina, na msanii wa kisanduku akachukua China: nakshi za Mashariki, rangi kali, kishada cha nyuzi. Kisanduku cha namna hii ukikifungua polepole utaona kazi ilivyofanywa. Karatasi ya nje imekunjwa pembeni bila kuacha mkunjo mnene, gundi haijavuja, na ndani kitambaa laini kimevutwa mpaka chupa inakaa bila kutikisika. Mtu aliyekaza kitambaa kile hajulikani jina. Alikifanya katika nchi iliyokuwa ikihesabu mikate, na hakulipua kazi.

Nikitazama kazi hiyo nashindwa kukubaliana na wanaosema kwamba manukato ya Kisovieti yalikuwa nakala duni ya Paris. Mengine yalikuwa duni, ndiyo, hasa vifaa vilipoadimika. Lakini kisanduku chekundu cha Krasnaya Moskva na kizibo chake chenye sura ya kuba la Kirusi havikuigwa kwa mtu. Ni usanifu wenye akili yake na mji wake.

Umahiri wa wakusanyaji hawa unaonekana zaidi wanapokutana na ughushi, na katika masoko ya vitu vikuukuu kama Izmailovo mjini Moscow hukutana nao. Wanageuza chupa na kutazama kitako. Mikwaruzo ya kweli, ya miaka ya kusogezwasogezwa juu ya meza, huenda kila upande. Ya msasa hulala sambamba. Kisha hutoa taa ndogo ya urujuanimno. Karatasi ya baada ya vita vikuu vya pili mara nyingi ina kemikali ya kuing'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka buluu. Lebo inayodai kuwa ya 1925 ikiwaka hivyo, mazungumzo yameisha.

Subira yao kwa kizibo kilichoganda nayo ni ya kujifunza. Hawatumii koleo. Wanadondosha mafuta kidogo kwenye maungio, wanaacha yapenye, wanapasha shingo joto kwa kiganja, wanagongagonga kwa kijiti cha mbao, kisha wanaacha tena. Inaweza kuchukua siku kadhaa. Shingo ikipasuka, hakuna fundi duniani atakayeirudisha, kwa hiyo hakuna sababu ya haraka.

Neno langu la mwisho ni kwa nyumba zetu. Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipofunguliwa Moscow mwaka 1960, vijana wengi wa Afrika Mashariki walikwenda kusoma huko, na zawadi za mama na wachumba zilirudi nao. Kama kabatini kwa bibi kuna kisanduku chekundu chenye herufi za Kirusi, usikitupe ukabakiza chupa, kwani kisanduku ndicho chenye habari. Usiioshe lebo kwa maji. Kiweke mbali na dirisha, maana rangi nyekundu hupauka upesi juani. Na kizibo kikikataa kufunguka, kiache kilivyo, umwulize bibi alikipata kisanduku hicho kwa nani na mwaka gani, uandike jibu lake kwenye kikaratasi ulitie humohumo ndani.